Mnapatikana Wapi?

Makoye alikuwa mtu wa kuvunja. Kwenye maduara ya Nyarugusu, yale mashimo ya wachimba dhahabu, walimlipa avunje mwamba, na kazi hiyo aliijua hasa. Tabu ni kwamba alishindwa kuiacha kazini. Akirudi nyumbani Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, nyundo ilirudi naye, na pale pasipo na mwamba palikuwa na mke. Majirani walishazoea. Limi akilia, mwenye redio aliongeza sauti, na mwenye mgeni alimtuliza mgeni wake kwamba hao ni mume na mke, wataelewana wenyewe.

Siku aliyovunja simu, chanzo kilikuwa neno moja tu. Limi alikuwa anafuma masweta ya shule kwa mashine, sebuleni kwake, kisha anayapiga picha na kuyauza kwa simu. Wateja wa siku hizi, kabla hata hawajauliza bei, huuliza mnapatikana wapi. Limi aliwajibu wote kwa furaha: Ibadakuli, nyumba yenye geti la bluu, karibuni sana. Basi mwalimu mkuu wa shule moja ya walokole upande wa Mwadui akamwandikia, "Bwana asifiwe mpendwa. Mnapatikana wapi?" Limi si mlokole, ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, ila mteja hasahihishwi salamu. Akamjibu kwa lugha hiyohiyo ya kilokole: "Amina mpendwa. Karibu sana nyumbani."

Mtu yeyote aliyewahi kukaa jirani na walokole anajua kwamba kwao hata bibi asiye na jino ni mpendwa. Makoye hakuwahi kukaa jirani na kanisa lolote. Aliyasoma maneno yale polepole, herufi kwa herufi, akaona mpendwa anaulizwa alipo, na mpendwa anakaribishwa nyumbani kwake, kwenye geti alilolipaka rangi kwa mkono wake. Hakuuliza swali. Alimpiga Limi ngumi za kichwa mpaka sikio la kushoto likaanza kuvuma, na halijaacha kuvuma hadi leo. Kisha akaiweka simu juu ya jiwe la kufulia akaisaga kwa nyundo. Mashine ya kufumia hakuigusa, kwa sababu aliinunua yeye mwaka duara lake lilipotema dhahabu, na alipenda wageni waione.

Sikio lilimuuma Limi, lakini duka lilimuuma zaidi. Majina ya wateja yalikuwa ndani ya ile simu, na picha, na oda, na laini yenyewe ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mume, ambaye aligoma kuirudisha. Pigo moja, duka limekufa. Na lile halikuwa duka la kununulia vitenge. Limi alikuwa na binti, Vumilia, jina alilopewa na bibi yake mzaa baba kwa sababu ndiyo nasaha pekee waliyokuwa nayo kwa wanawake wa ukoo ule. Mtoto alishazoea kuendelea kula ugali wake bila kugeuka baba akimpiga mama. Limi aliliona hilo akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa nyundo. Duka ndilo lililokuwa njia yake ya kutoka kwenye nyumba ile na mtoto wake, na safari hii alitaka duka ambalo halikai ndani ya kitu cha kuvunjika.

Akamwendea Deusdedit, mtoto wa mama yake mdogo, mwenye duka la kutoa fotokopi na kutengeneza kompyuta pale mjini. Deus akamweleza kwamba anachotafuta kinaitwa tovuti, na kwamba tovuti haielei hewani kama watu wanavyodhani. Lazima ilale kwenye mashine ya mtu fulani, isiyozimwa usiku wala mchana, na mtu huyo unamlipa akutunzie.

Limi akamwangalia. "Kwa hiyo natafuta zizi," akasema.

Deus akacheka, lakini hakuwa na la kusahihisha. Wote wawili walikulia Samuye, kwenye ng'ombe, na walimkumbuka Mwigulu, baba yake Limi. Mzee yule hakuwahi kulaza mifugo yake yote kwake. Aliigawa kwa watu wa mbali, kama Wasukuma walivyofanya tangu zamani; huyu wawili, yule watatu; mwenye zizi anakamua maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukija, au wezi, au shemeji mwenye shida zisizoisha, hawaikuti yote mahali pamoja.

Na wezi walikuja kweli. Walikuta zizini mbuzi na ndama, wakamfunga Mwigulu kwenye nguzo ya lango, wakamuuliza ng'ombe wengine wako wapi. Walianza na magoti, wakapanda mbavuni. Limi alikuwa mdogo, amejificha chini ya kitanda cha kamba, akilisikia swali lilelile linarudi na rungu linalifuata, na baba yake anajibu kwamba hajui. Alijua. Alimjua kila ng'ombe kwa rangi na kila zizi kwa njia yake. Mama alipoponyoka akapiga mwano, lile yowe la Kisukuma ambalo mwanamume akilisikia hana ruhusa ya kubaki ndani, watu walitoka Samuye nzima na marungu, ila walimkuta mzee ameshakata roho. Ng'ombe walibaki wote. Ndio waliomsomesha Limi.

Basi alichagua mtunza tovuti kwa akili ya zizi. Aliuliza umeme ukikatika inakuwaje, na ikiugua nani atanipigia, na ikifa kuna ndama aliyebaki. Deus alimjibu kwa uaminifu, na hilo lisisahaulike, kwa sababu angeweza kumdanganya. Kuna makampuni ya Ulaya, akasema, rahisi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili bei inapanda na umeshahamia. Wanataka kadi ya benki, na ukiwa na shida unaandikiana nao Kiingereza na mtu asiye na sura. Kuna kampuni za Dar es Salaam; unalipa kwa simu, wanapokea wakipigiwa, na kila siku wanahifadhi nakala. Na kuna mimi, akasema, na ile pale. Akaonyesha chini ya meza, kompyuta nyeusi yenye feni inayolalamika. Umeme wa luku ukiisha duka litafungwa mpaka aongeze, lakini hatamtoza. Atafumiwa tu masweta ya watoto wake.

Limi akamchagua Deus. Alitaka mtu wa kwao, anayejulikana mama yake, anayeweza kufuatwa na kugombezwa kwa Kisukuma. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la kwetu kabisa. Desturi ya baba yake aliifuata nusu: aliweka kwa mtu mwingine, akasahau kuweka mbali. Zizi unaloliona wewe, na adui yako analiona.

Duka likafunguka. Oda zilitoka Kahama, zilitoka Ushirombo, na Deus alimpigia kwenye kitochi, kile kisimu cha vitufe ambacho Makoye alimruhusu kwa sababu hakina picha. Masweta yakawa yanaondoka kwa mabasi. Limi akaanza kucheka peke yake akiwa mashineni, na kwa mtu anayekaa na Makoye kucheka peke yako ni uzembe.

Makoye aliporudi alikuta nyuzi zimejaa hadi dirishani. Simu alishaivunja, hawa wateja wanatoka wapi? Limi akasema kuna duka. Duka liko wapi? Liko mtandaoni. Makoye akaona anachezewa. Kila kilicho chini ya bati hili ni changu, alisema, nilikulipia ng'ombe mbele ya mashahidi. Sasa hilo duka liko chini ya bati la nani? Akachomoa mpini wa jembe.

Duka liko wapi, pigo. Duka liko wapi, pigo. Limi alijikunja kwenye kona ya mashine, na katikati ya maumivu yale alimwomba Mungu ampe kifua cha baba yake. Hakupewa. Mpini ulipotua mgongoni kwa mara ambayo hakuijua ni ya ngapi, mdomo wake ulifunguka wenyewe.

"Liko kwa Deus," akasema. "Chini ya meza."

Makoye hakufunga hata geti. Aliingia dukani kwa Deus na nyundo ya kuvunjia mwamba, akawapita wateja waliokuwa wanasubiri fotokopi, akaivuta ile kompyuta kwa nyaya zake na kuanza kuiponda sakafuni. Deus aliinama kuikinga kwa mkono. Kama Makoye aliuona mkono ule au hakuuona, anajua mwenyewe. Nyundo ilishuka juu yake vilevile, na mifupa ya kiganja ikatoa mlio ambao wateja wale wanausimulia mpaka kesho. Baadaye wazee wa pande mbili walikaa, wakala mbuzi, upande wa Makoye ukabeba gharama za matibabu, na Limi akaambiwa avumilie, maana ndoa ni ndoa. Hasira ya kuisimulia sehemu hii sijaimaliza, basi tuiache.

Limi alikwenda kumwangalia Deus nyumbani kwake akiwa hana macho ya kumtazamia. Baba alipigwa mpaka kufa na hakusema, yeye kasema kwa mpini wa jembe. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, akaanza kuomba radhi, akalia badala yake. Deus, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni, alimsikiliza, kisha akamwambia mke wake alete funguo. Kwenye funguo zile ilikuwa inaning'inia flashi ndogo nyekundu, na ndani yake nakala ya duka zima.

"Ndama huyu hapa, Mama Vumilia," akasema. "Ila safari hii usimlaze kwangu. Mimi nina mlango, na kila mtu anaujua."

Limi alikwenda na neno hilo. Alinunua simu ya mtumba akaificha katikati ya mabunda ya nyuzi, na Makoye aliporudi Nyarugusu akaanza kuchagua upya. Hakuuliza tena habari za undugu. Aliipigia kampuni moja ya Dar, akapokelewa na binti mwenye sauti ya kukaribisha, aliyeanza kumsomea ukubwa wa nafasi na kasi ya kufunguka. Limi akamkatiza kwa upole.

"Mdogo wangu, mtu akija hapo ofisini na nyundo, atalikuta duka langu?"

Binti akaacha kusoma. Alisema hapana, mashine haziko ofisini, ziko kwenye kituo chenye ulinzi, na nakala zinalala kwingine. Limi akauliza wapi. Binti akasema hata wao wa ofisini hawaambiwi.

"Na mimi mteja nitaambiwa?"

"Hapana, dada. Samahani."

"Usiniombe samahani," Limi akasema. "Nichukue."

Kuna mtu huchagua kwa bei, na kuna mtu huchagua kwa kasi. Limi alichagua kwa kile ambacho hatakijua. Alishajipima akajiona: hana kifua cha Mwigulu, na akipigwa atasema. Basi akatafuta mahali ambapo hata akisema hatakuwa na cha kusema. Jina la duka aliliandikisha kwa jina lake la kuzaliwa, Limi Mwigulu, na Deus akampandishia ile nakala kwa mkono mmoja uliobaki mzima.

Mambo yalitulia kwa miezi. Makoye aliamini ameliua duka, na kwa kuamini hivyo alipiga kidogo. Mpaka siku moja kule Nyarugusu, kwa mama ntilie mmoja jirani na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, mchimbaji mwenzake akamwonyesha simu. Alikuwa amemwagizia mtoto wake sweta, limefika zuri, na kwenye picha ya duka kulikuwa na mashine na ukuta ambao Makoye aliujua, kwa sababu tundu la ukuta ule alilitoboa yeye. Wenzake wakacheka. Mkeo tajiri, wakamwambia, na wewe unakula vumbi. Duara lake siku hizo lilikuwa limejaa maji, mfukoni hana kitu, na kicheko kile kilimkuta vibaya. Alipanda gari akiwa na nguo za kazi.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, mchana mweupe. Limi alikuwa anaunga mikono ya sweta. Makoye aliingia, akamshika mkono wa kushoto, akaubana juu ya ubao wa mashine, akainua nyundo.

"Duka liko wapi?"

"Sijui."

Nyundo ikashuka kwenye kidole kidogo. Limi alipiga ukelele, na jirani akaongeza redio.

"Liko wapi?"

"Sijui, baba Vumilia. Kweli sijui."

Ikashuka kwenye kinachofuata. Angeuliza neno la siri la kufungulia duka, angepewa kwa pigo la kwanza, Limi asingelizuia. Lakini Makoye hakujua kwamba kuna kitu cha namna hiyo. Kwake yeye mali lazima iwe mahali, na mahali lazima pana njia ya kufika. Aliendelea kuuliza swali lisilo na jibu, na Limi, damu ikitiririka kwenye nyuzi za bluu za shule fulani, alilia na kucheka pamoja, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anapigwa na hana cha kutoa. Kisha akaona macho ya Makoye, akaelewa kwamba mtu asiyepata jibu haachi kuuliza. Baba yake naye alikufa hivyo hivyo.

Vumilia alikuwa mlangoni. Safari hii alikuwa amegeuka na anatazama.

Hapo Limi hakulia kilio cha mke, maana kilio hicho Ibadakuli kinajulikana na hakiamshi mtu. Alivuta pumzi akapiga mwano. Aliupiga kama mama yake alivyoupiga Samuye, yowe refu la wezi wa ng'ombe, na halijaisha kifuani mwake redio zikazimwa. Wanaume walitoka na walichokishika, marungu, mapanga, mmoja na mwiko wa nyama, na Pantaleo mchoma nyama, kamanda wa sungusungu wa mtaa, ndiye aliyelisukuma geti la bluu. Akaangalia huku na huku. Akamwona Makoye na nyundo, akamwona Limi na mkono wake. Wengine nyuma yake walishaanza kugeuka. Ah, wakasema, mambo ya ndani. Mwano wa uongo una faini, na Pantaleo akamkumbusha Limi hivyo kabla hajamuuliza.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wangu," Limi akasema. "Wako mbali, nimewaweka kwa watu, wa jasho langu. Huyu anataka nimwonyeshe zizi, na ananiuliza kwa nyundo. Kwenu nyinyi mtu wa hivyo anaitwaje?"

Waliokuwa wanageuka wakasimama. Kisha mzee mmoja nyuma, ambaye pengine hakuelewa vizuri au pengine alielewa kupita wote, akasema, "Mwizi."

Neno hilo kwetu halisemwi ovyo. Likishasemwa haliulizwi tena. Rungu la kwanza lilimpata Makoye begani na nyundo ikamtoka, la pili likampiga magoti akaanguka kwenye masweta, na baada ya hapo hayakuonekana marungu bali mikono inapanda na kushuka. Limi aliisikia mifupa. Alifurahi. Alifurahi kwa moyo wote, na furaha ile ilimtisha, maana mlio ulikuwa ni uleule wa chini ya kitanda cha kamba. Akamwita Pantaleo akamwambia inatosha. Pantaleo aliwasikia watu wake wakihema, akaona Makoye bado anapumua, akawazuia. Wakamfunga kamba wakampeleka polisi, na safari hii hakukuwa na mbuzi wa kuliwa, kwa sababu Deusdedit alikwenda mahakamani akauinua mkono wake uliopinda mbele ya hakimu.

Limi alirudi Samuye na mtoto na nguo walizovaa. Wanawake wa Ibadakuli walimsikitikia kwamba ameondoka mikono mitupu, na hakuwabishia. Jioni ile ile, kwenye mji wa baba yake, alifungua simu akalikuta duka liko wazi na oda zinasubiri. Siku hizi ana mashine nyingine, ya mtumba, na ameisukuma kwa mkono wa kulia mpaka imemtii. Vidole viwili vya kushoto havikunjiki.

Makoye alishatoka jela. Wanasema yuko kwenye maduara, wengine wanasema ya Mgusu, wengine ya Bukombe. Hakuna mwenye hakika. Maduarani nako siku hizi kuna simu, na dukani kwa Limi kuna kisanduku cha kuulizia. Karibu kila siku mtu asiye na jina anaandika humo maneno mawili, yale yale ambayo kila mteja wa nchi hii huanza nayo.

"Mnapatikana wapi?"

Akiyaona, sikio linavuma na vidole vile viwili vinaanza kuuma kabla hajamaliza kusoma. Huenda ni mwalimu wa Mwadui anayetaka masweta. Huenda siye. Duka haliwezi kuacha kujibu wateja, basi Limi huandika kwa kidole cha mkono wa kulia: "Wewe uko wapi? Tutakuletea."

Kisha anasubiri jibu, na rungu aliloliacha baba yake, Mwigulu, limeegemea nyuma ya mlango.